Siku ya Tufaha kwa Verlene

Hobart alisema neno moja tu, "Usipige," kisha akafumba macho kitini, mkono wa kulia umeukumbatia wa kushoto kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Ardith, mkewe, hakuhitaji kuuliza asipige simu wapi. Katika Bonde la Tanner, ukiita gari la wagonjwa umeita bonde zima. Kila jiko lina kile kiredio cha kunasa mazungumzo ya waokoaji, kinakoroma juu ya friji kutwa kucha, na yule binti wa zamu anayepokea simu za dharura akishataja umri wako, maumivu yako na nyumba yako, majirani wameshawasha magari. Wanakuja na mapai, wanakuja na maombi, wanakuja na macho. Wala huwezi kuwalaumu. Tangu hospitali ya wilaya ifungwe, gari lenyewe hutoka ng'ambo ya mlima, na anayekufikia kwanza ni jirani.

Mwezi wa nne waliwahi kupiga. Hobart alibanwa na kifua, uani kukajaa watu, na vijana walipomlaza kwenye machela akatoa mbeuo mmoja mrefu wa maharage na kabichi iliyochachushwa, maumivu yakaishia hapohapo. Watu walicheka mpaka wakashikana. Tangu siku hiyo mzee wa watu, aliyechimba makaa ya mawe mpaka mapafu yakamwisha, akawa Bwana Kabichi. Posta, Bwana Kabichi. Kanisani, Bwana Kabichi. Alicheka nao. Akirudi nyumbani alikaa kimya.

"Basi nimwite Verlene," Ardith alisema. "Verlene peke yake."

Hobart hakukataa.

Verlene Combs ndiye nesi wa zahanati ya bondeni, na nyumba yake haijawahi kuwa tupu. Ardith alipopiga, simu ilipokelewa na Opal, mdomo usio na mlango.

"Verlene mikono imejaa tufaha, bibi wee! Niambie mimi. Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu," Ardith alisema, akakata. Akachukua funguo za gari. "Nakwenda kumleta, baba. Usiinuke."

Ilikuwa Jumamosi ya kupika jamu ya tufaha. Uani sufuria kubwa la shaba lilikuwa likitokota juu ya kuni, wanaume wakipokezana mwiko mrefu, na jikoni wanawake walikaa goti kwa goti wakimenya. Ardith alisimama mlangoni. Alikuwa amepanga maneno njia nzima: Verlene, njoo nje kidogo. Lakini kabla hajafungua kinywa wanawake wakasogeleana kumpa nafasi, akajikuta amekaa, na Verlene mwenyewe akamtia kisu mkononi.

"Afadhali umekuja, shoga. Hawa wanamenya kwa midomo tu."

"Verlene, nilikuwa nataka..."

"Kahawa iko pale. Mpeni kahawa jamani!"

"Na mzee yuko wapi?" Opal aliuliza, macho yakimng'aa. "Usituambie kala kabichi tena!"

Jiko likaangua kicheko. Mmoja akabeua kwa makusudi, mwingine akajifanya anazirai, na Ardith, aliyekuwa na mume kitini amekunja uso kwa maumivu, alicheka pia. Kicheko kilimtoka chenyewe, kama chafya. Na alipokwisha kucheka aliona mlango wa kusema umefungwa. Atasemaje sasa, mbele ya hawa hawa?

Akamenya tufaha. Likaisha, akachukua jingine. Walikuwa wameshaingia kwenye habari ya mchungaji na rangi aliyotia nywele, na kila mara Ardith aliposema "Verlene," jina hilo lilimezwa na mengine. Mpaka Verlene alipoinuka kwenda stoo kufuata sukari, ndipo Ardith akamfuata, akashika aproni yake kwa nyuma.

"Ni Hobart. Kifua, na mkono wa kushoto. Anatoka jasho. Kanikataza nisipige."

Verlene aligeuka. Uso wa mwenye nyumba ulimtoka, ukaja wa nesi.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu chakula cha mchana."

"Umempa aspirini?"

"Sikumpa kitu."

Verlene alipita katikati ya wageni akinyakua mkoba wake. "Opal, ita gari la wagonjwa, nyumba ya Hobart. Na anayetaka kucheka abaki hapahapa!"

Walimkuta si kitini. Alikuwa ameanguka kwenye ngazi za baraza, amevaa shati safi, lile la kanisani, kiatu kimoja kimefungwa kamba na kingine bado. Alikuwa amebadili nia. Alikuwa anajiandaa waje wamwone.

Verlene alipiga magoti akaanza kukandamiza kifua. Majirani walifika, Opal wa kwanza, na safari hii hakuna aliyebeba pai. Wanaume walipokezana na Verlene mpaka jasho likawalowesha. Kila aliyechoka alipisha mwingine, na mlima ulikuwa palepale, na gari lilikuwa bado ng'ambo yake. Lilipofika, kijana wa machela aliinama, akasikiliza, akamgusa Verlene begani. Verlene aliendelea kidogo, kisha akaacha.

Jioni nyumba ilifurika. Sahani zilijaa meza mpaka zikapangwa juu ya mashine ya kufulia. Opal aliosha vyombo bila kusema neno, na waliomjua walimwogopa. Ardith alitoka barazani, akamkuta Verlene kwenye zile ngazi.

"Nilikuona ukiingia," Verlene alisema. "Umepauka, funguo za gari bado mkononi. Ingekuwa zahanati, ningekulaza mwenyewe kabla hujasema kitu. Kwangu nikakupa kisu umenye tufaha. Miaka yote hii ni nesi, Ardith."

Ardith alijua neno linalotakiwa hapo. Si kosa lako, dada. Alilitafuta, lakini kilichokuja ni ladha ya kile kicheko chake mwenyewe. Akakaa ngazi ya chini yake.

"Alivaa shati mwenyewe," alisema. "Na vifungo vile vidogo. Kwa mkono mmoja."

Verlene alilia. Ndani mtu aliuliza kama familia imekula.