Mshale Chini ya Rangi

Meneja wetu akisema saa sita, hamaanishi saa sita na nusu. Asubuhi ile alimwambia mjomba wangu, mbele ya karakana nzima, kwamba pampu isipopona kufikia saa sita, afungashe vifaa vyake aende nyumbani. Mjomba ni fundi mitambo, miaka ishirini na sita kiwandani hapo, na alibakiza miezi minne astaafu. Mimi ni fundi umeme. Yeye ndiye aliyenileta, na maneno yale yaliniuma kuliko yalivyomuuma mwenyewe.

Tunatengeneza ndoo za plastiki. Plastiki iliyoyeyuka husukumwa kwenye kalibu, na maji ya pampu huipooza kalibu ili ndoo igande. Tangu Jumatatu maji yalikuja kwa kusuasua, na ndoo zikatoka zimepinda midomo kama zimenuna. Mjomba alikuwa ameifungua pampu mara mbili asione kilichovunjika.

"Inazunguka, Mjomba?"

"Inazunguka vizuri tu, mwanangu. Haisukumi."

Neno hilo likanikaa kichwani. Jumatatu mota inayoizungusha pampu ilitolewa kubadilishwa beringi, na aliyezirudisha nyaya zake tatu ni mimi. Hamisha nyaya mbili, hii ikae mahali pa ile, mota itazunguka kinyume. Na pampu ya namna hii ikizunguka kinyume haigomi. Hutoa maji kidogo, bila nguvu. Nikaenda kuikagua pampu.

Kwenye gamba la pampu huwa kuna mshale wa kuonyesha upande wa kuzunguka. Sikuuona. Kwetu, kila akitarajiwa mgeni mkubwa, mitambo hupakwa rangi ya kijani: kutu, vibao vya namba, vyote kijani. Nikachukua bisibisi, nikaanza kukwangua. Tabaka la kwanza, la pili, la tano. Wenzangu wakaniuliza kama natafuta hazina. Niliwaambia wacheke mpaka wachoke, mimi nina kazi.

Saa tano na nusu mshale ukatokea. Ulielekea kulia. Nikawasha pampu kidogo, nikazima, nikatazama feni ya mota ikipunguza mwendo. Ilizunguka kushoto.

Ningeweza kuhamisha nyaya kimyakimya, nikanyamaza. Wazo hilo lilinijia, sikatai, na nililionea haya. Nikazima swichi kubwa, nikaipiga kufuli, nikatia ufunguo mfukoni, kisha nikamwita meneja.

"Nyaya hizi nilizifunga mimi, nikakosea," nilimwambia. "Mjomba hana kosa."

Nikahamisha mbili, nikafungua kufuli, nikawasha. Sindano ya geji ya msukumo wa maji ikapanda kutoka moja hadi nne, ikatulia hapo.

"Kwa hiyo ndoo zote zile mbovu ni zako?" meneja akauliza.

"Ni zangu."

Mjomba alikuwa ameshapona. Alichotakiwa ni kufunga mdomo tu. Akafuta mikono kwa tambara, bila haraka.

"Na mshale niliufunika mimi," akasema. "Miaka yote hiyo anayepaka rangi ni mimi. Angeuona wapi?"

Meneja alitutazama kwa zamu, akashusha pumzi. Barua za onyo, akasema, mbili, na kila mtu arudi kazini.

Barua zilipoletwa, nilisaini yangu palepale, juu ya mota. Mjomba akasaini yake, akaenda stoo, akarudi na kopo la rangi nyekundu. Brashi akanikabidhi mimi.