Nusu ya Pili ya Somo

Jumatatu, baada ya alasiri, Ibtihaj alikuwa jikoni kwake mtaani Shubra, ghorofa ya nne, akikatakata mlenda, Ustadhi Wadii alipobisha hodi. Ustadhi alifariki miaka tisa iliyopita. Alikuwa amevaa suti ileile ya kahawia aliyozikwa nayo, na alihema kwa sababu ya ngazi.

"Pole na ngazi, Ustadhi. Kaa. Chai nikutilie sukari vijiko vingapi?"

"Vinne. Daktari hana neno na mimi tena."

Alikuja kufundisha. Zamani alimsomesha Ibtihaj kemia, na kama walimu wengi wa shule ile, aliandika kichwa cha somo ubaoni, akaeleza nusu, kisha akasema anayetaka nusu ya pili aje nyumbani kwake jioni na ada yake mkononi. Kwa kina Ibtihaj hakukuwa na ada. Alifeli mtihani wa mwisho. Sasa, huko aliko, Ustadhi hapati usingizi kwa zile nusu alizobaki nazo.

"Mimi tena basi, mwalimu wangu," Ibtihaj alisema, na kinyongo kilikuwapo, ila kidogo. "Mfundishe huyu."

Akamwita bintiye Shuruq, ambaye mwezi wa sita angefanya mtihani uleule. Mwalimu wake wa kemia, Ustadhi Hamdi, naye aliishia nusu.

Shuruq alileta madaftari yake. Marehemu akasahihisha; wino wake mwekundu ulikuwa umefifia, lakini ulisomeka. Walipofika kwenye fizikia, mzee alikunja uso. "Hii si yangu. Ngoja kesho."

Kesho yake alikuja na Ustadhi Nasif wa fizikia, aliyefia mji wa Tanta, mtu wa kununa, aliyelalamikia ngazi mpaka chai ya pili. Jumatano akaongezeka Bibi Ratiba wa sarufi, aliyekataa kukaa mpaka meza ipanguswe. Walifundisha huku wakizozana.

"Mwache afikirie mwenyewe!"

"Wee Nasif! Ulikuwa ukiwafinya watoto masikio, leo unajifanya mpole?" Bibi Ratiba alimkata.

Ibtihaj akawa ananunua majani ya chai kwa kilo. Aliwapenda wote, hata Nasif. Kila alipomsikia bintiye akisema, "Aa, kumbe!" alikimbilia vitunguu apate sababu ya machozi.

Matokeo yalipotoka, Shuruq alikuwa na asilimia tisini na nne. Ibtihaj alipiga vigelegele dirishani mpaka muuza mkate akaitikia kutoka chini.

Siku ya pili yake Ustadhi Hamdi alipanda zile ngazi na sahani ya keki ya basbusa. Aliwasalimia marehemu mmoja mmoja kwa adabu. Ustadhi Wadii alikuwa amemfundisha yeye pia, kemia pamoja na ule mtindo wa kuishia nusu. Hamdi alimpongeza Shuruq, akanywa chai yake, kisha akauliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Nikifa, Ustadhi, mtanipa kiti hapa?"

"Viti vimejaa," alisema Nasif.

Ustadhi Wadii alimtazama mwanafunzi wake kwa huruma ya kweli. "Hamdi mwanangu, kwa nini ungoje ufe? Shule zikifunguliwa, ingia darasani, funga mlango, useme somo lote. Ungali na pumzi. Sisi ngazi hizi zinatumaliza."

Hamdi aliinama. Machozi yalimlengalenga. Aliushika mkono wa mzee, ambao ulikuwa baridi, akaubusu, na Ibtihaj akamsogezea leso. Hakuna aliyemharakisha.

Kisha akatazama saa. Ilikuwa saa kumi na nusu. Hata likizoni, kundi lake la kulipia ada la saa kumi na moja lilikuwa na watoto sabini, na wa mwanzo walikwisha kupanga foleni mlangoni kwake.

"Mniwie radhi, walimu wangu," alisema, akashuka ngazi mbilimbili.