Kochi Haliingii Kwenye Buti

Mume wangu aliuza pikapu yetu asubuhi bila kuniambia, nami nikaja kujua saa sita mchana, wakati kochi la daktari wa meno liko tayari mlangoni mwa karakana yangu, limefunikwa shuka, linasubiri kubebwa.

Alikuja akipiga honi. Gari dogo jeupe, viti bado vina nailoni, limeoshwa mpaka matairi. Nikadhani ameliazima.

"Pikapu iko wapi?" nikamuuliza.

"Ndiyo hii," akasema, akacheka peke yake. "Mama watoto, utanishukuru. Hili halinywi mafuta, linaonja tu."

Damu ikanipanda kichwani. Pikapu ile tuliinunua pamoja, tena kwa jasho langu zaidi ya lake, ingawa kadi ina jina lake. Ndiyo iliyonifanya niitwe fundi wa makochi badala ya yule mama anayeshona foronya.

Akaanza hesabu. Sijaona mtu anayependa hesabu kama mume wangu akishaharibu jambo. Ati kila siku anakwenda kazini yeye na begi lake tu, ndani ya gari la kubeba tani nzima, kama kubandika sufuria ya harusi kwa ajili ya yai moja. Mafuta ambayo pikapu inayamaliza kwa wiki, hili linakwenda nayo karibu mwezi. Hesabu ilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Kituo cha mafuta kilikuwa kinatukamua kweli. Angeniambia, tungekaa tukazungumza, pengine ningekubali anunue hata pikipiki ya kwendea kazini. Hakuniambia.

"Na kochi?"

"Nilipima." Akatoa mfukoni tepu yangu, tepu niliyoitafuta tangu juzi. "Mito yote ya kuegemea inaingia kwenye buti."

Alipima mito! Mtu aliyenyanyua makochi pamoja nami miaka yote hii alikwenda kununua gari kwa kipimo cha mito! Nikaivuta shuka nikamwonyesha fremu: mbao ngumu, gundi, springi, na kitambaa kilichokazwa juu yake kipande kimoja. Wanakaa watu watatu pale bila kugusana mabega.

"Si ulifungue, ukaliunge kule kule kwa mteja?"

"Wewe nikikufungua, utaungika?"

Akaizungusha tepu mkononi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kunitazama usoni, "Nimechoka, mke wangu. Kazini wananiita Dereva wa Mama Makochi. Nikifika na ile pikapu imejaa vumbi la mbao, wananiuliza leo shemeji kakutuma wapi."

Kumbe si mafuta! Hasira ikarudi mara mbili. Kazi iliyoezeka nyumba anayolala na kuwasomesha wanawe ilikuwa inamtia aibu mbele ya watu wa ofisini.

Daktari alitaka kochi lake siku hiyo hiyo, kwa sababu kliniki ilikuwa inafunguliwa kesho yake. Likimpendeza, angenipa na kazi ya matawi yake mengine. Nikaulizia magari ya kukodi, yote yalikuwa yameshatoka. Nikamwita mzee wa mkokoteni anayebeba magunia sokoni. Tukalipandisha kochi, tukalifunga kamba, yeye akavuta mbele, mimi nikasukuma nyuma, kanga nimeikaza kiunoni. Mume wangu akatufuata polepole na gari lake, kichwa dirishani.

"Basi panda garini, watu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Nikipanda humo, hili kochi atalisukuma nani?"

Njia ile inapita mbele ya ofisi yake. Kulikuwa na njia nyingine, na kwa makusudi sikuichukua.

Wenzake walikuwa wametoka kula, wamesimama getini wanapiga soga. Mmoja akanitambua. "Shemeji! Mbona unateseka hivyo? Bwana yuko wapi?"

Nikageuka nimwonyeshe. Gari jeupe likanipita ubavuni, vioo vimepandishwa juu, na mume wangu ametazama mbele utadhani hajawahi kuniona. Likakunja kona, likapotea. Yule aliyeniita shemeji akakunja mikono ya shati, akaja kusukuma pamoja nami mpaka mwisho wa mlima wa kuelekea kliniki, na viatu vyake vya ofisini.

Daktari alilikalia kochi, akaegemea, akapapasa kitambaa kwa kiganja. Alilipenda. Kisha akachungulia nje, akauona mkokoteni.

"Fundi, na yule mumeo wa pikapu?"

"Pikapu imeuzwa," nikamwambia. "Na yeye kaenda nayo."