Akina Mwanamkasi

Hafsa alikuwa mtakwimu, na hakupenda kumhesabu maiti mmoja mara mbili. Shekhe wa kijiji kimoja jirani na Pongwe alimwomba atafute waliokufa hapo kwa yale mafua makali ya mwaka 1918, wasomewe hitima kwa majina. Kila nyumba ikamtajia wake. Wengi walikumbuka jina moja tu, bila la baba. Yaliyojirudia Hafsa aliyafuta, akabaki na kumi na tisa.

Asubuhi ya hitima Bi Tausi alimfuata uani, penye masufuria ya pilau.

"Shikamoo, Bi Tausi."

"Marahaba. Nasikia bibi yangu umemfuta."

"Mwanamkasi yumo, bibi."

"Huyo wa kwa kina Mudathir! Wangu alikufa mama yangu Sabiha bado ananyonya. Leo niitikie dua ya bibi wa watu?"

"Jina moja, kijiji kimoja, mwezi mmoja. Sina ushahidi kwamba walikuwa wawili."

"Basi mama yangu aliokotwa," Bi Tausi akasema, akaenda kukaa peke yake barazani.

Hafsa hakufurahi, lakini hesabu ni hesabu.

"Mwanamkasi!" mpishi akaita. "Lete upawa!"

"Abee!" Sauti tatu zikaitika pamoja: kisimani, mlangoni na kwenye mbuzi ya nazi. Ua mzima ukaangua kicheko.

"Nyote mna jina hilo?" Hafsa akauliza.

"Sote wajukuu wa bibi mmoja," akajibu yule wa kwenye mbuzi. "Kila mwanawe alipopata binti, akampa jina la mamaake. Ulitaka wagombanie?"

Hafsa akaitoa orodha yake. Marehemu wa mwaka ule nao walikuwa wajukuu wa watu, na yeye alikuwa amefuta watu, si marudio. Akajitanda mtandio, akarudi nyumba kwa nyumba na swali jipya: aliacha mtoto gani?

Baada ya adhuhuri shekhe akasoma. Alipofika "Mwanamkasi, mamaake Sabiha," amina ya Bi Tausi iliwatangulia wote.

Kwenye chakula akaja kuketi ubavuni mwa Hafsa.

"Wangapi sasa?"

"Ishirini na watatu. Kwa uchache."

"Hata leo huachi kujihami!" Bi Tausi akacheka, akamwekea ukoko wa pilau sahanini. "Kula, mwanangu. Huu hata shekhe sikumpa."