Kengele ya Kitanda cha Dirishani

Kengele za wodi zilizimika tena, zote kwa mkupuo, na Sista Mkuu hakuwa na simile. Alimwambia fundi wa programu kwamba wagonjwa sasa wanaita kwa kugonga vikombe, na kwamba kabla ya jioni anataka kengele zilie.

Fundi, mama ambaye tangu afiwe na mumewe alizungumza zaidi na kompyuta kuliko na watu, alijifungia katika chumba cha mitambo akafuata nyayo za kosa. Alilikuta. Mzee wa kitanda cha dirishani alibonyeza kengele. Kabla haijaitikiwa, mzee akafariki, karani akakifuta kitanda kwenye mfumo. Muuguzi alipobonyeza kitufe cha kuitikia, jibu likarudi kwa kitanda ambacho hakipo tena, na mfumo mzima ukaanguka chali.

Kwa hiyo mzee wa watu alikufa akiita. Fundi alivua miwani akalia, bila aibu, maana hapakuwa na wa kumwona.

Sista Mkuu alitaka njia ya mkato: jibu likichelewa litupwe, yaishe. Marehemu, alisema, haitikiwi.

"Aliita, Sista," fundi akamjibu. "Mtu aende kwanza, ndipo kitanda kifutwe."

Kusema ni rahisi. Aliweka kufuli ndani ya programu ili anayefuta na anayeitikia wasikishike kitanda kwa wakati mmoja. Lakini mfutaji akingoja huku amelishika kufuli, na muuguzi analihitaji hilo hilo ili aitikie, watangojeana mpaka kiama. Basi akapanga hivi: kitanda kifungwe kisipokee mlio mpya, kufuli liachiwe, jibu la mwisho lingojewe, kisha ndipo kifutwe.

Alikwenda kujaribu palepale dirishani, kwenye kitanda kitupu chenye shuka safi. Alibonyeza kengele, akaiamuru kompyuta ikifute kitanda. Ikakataa, kwa kuwa kengele haijaitikiwa. Kazi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni kuizima kengele na kwenda nyumbani, ambako angeweza kuita mpaka sauti imkauke na asije mtu.

Hakuizima. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akasikiliza viatu vikija kutoka mwisho wa wodi.

Muuguzi akasogeza pazia. "Umeita, mama?"

"Nimeita," akasema, na hakujua aombe nini.