Kofia ya Kiazi

Kofia ilivuliwa kila siku saa kumi na mbili jioni, ikavalishwa tena saa moja. Hiyo ndiyo amri ya fundi wa kofia za kunyoosha vichwa pale hospitali: saa ishirini na tatu kichwani, saa moja nje. Katika saa hiyo mmoja wa wazazi alimwogesha mtoto kwenye beseni, na mwingine akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akaifuta kofia ndani kwa kitambaa chenye spiriti, maana jasho la mtoto likilala kwenye sponji linanuka kama soksi za mlinzi. Walipokezana. Mwezi uliopita alifuta mama. Mwezi huu zamu ya baba.

Mtoto alikuwa na miezi minane. Jina alikuwa nalo, lakini kule kwenye tanuri la mikate wenzake na baba walimwita Kiazi, kwa sababu kisogo chake upande wa kulia kilikuwa bapa, kama kiazi kilichokua kimebanwa na jiwe. Baba alicheka nao. Mtu anayesimama mbele ya moto tangu alfajiri hana nguvu za kununa.

Jumatatu kofia ikatoa sauti. Baba alidhani ni redio ya jirani. Akaisogeza sikioni. Ndani mlango ulifungwa, ndala zikaondoka, pa, pa, pa, kisha bomba likawa linadondosha maji. Halafu nzi. Alisikiliza mpaka saa moja, akamvisha mtoto, akafunga mkanda.

"Kofia inatoa sauti," alimwambia mkewe.

"Ya kule kwa mlezi," alisema mama, akikamua taulo. "Mimi nimeshaisikiliza mpaka mwisho. Sasa naona imeanza upya."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini?"

Kila jioni kofia ilitoa saa moja tu ya siku, kwa kufuatana, bila kuruka. Kiazi alipelekwa kwa mlezi saa kumi na moja alfajiri na kuchukuliwa saa kumi jioni, kwa hiyo baba alihitaji jioni kumi na moja kuisikia siku nzima. Ndala zilikuja mara mbili. Mara ya kwanza na chupa ya maziwa, mara ya pili na nepi. Kwingine kote ilikuwa televisheni ya chumba cha pili, bomba, nzi, na pumzi za Kiazi zikigonga godoro upande wa kulia. Saa ya kwanza Kiazi alilia. Saa ya tatu alikuwa halii tena, na wala hakuwa amelala.

Fundi aliwahi kuwaambia huenda mtoto alikaa vibaya tumboni. Mama alikuwa amejilaumu kwa hilo miezi mitatu, akihesabu usiku aliolala chali.

Asubuhi baada ya jioni ya kumi na moja baba alisimama mlangoni kwa mlezi, chini ya maandishi ya rangi ya bluu yaliyosema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

"Mama, hawa watoto mnawageuza lakini?"

"Tunawageuza, baba! Kama samaki kwenye kikaango," alisema mlezi, akacheka, akampokea Kiazi kwa mikono miwili. Alikuwa na watoto kumi na wawili na mikono hiyo hiyo.

Jioni ile kofia iliacha mpangilio wake ikatoa mazungumzo hayo moja kwa moja: swali la baba, samaki, kicheko, mlango kufungwa. Kisha sauti ya mlezi peke yake: "Huyu naye. Anafikiri ana mtoto peke yake duniani." Kisha ndala.

Baba aliendelea kufuta. Hapakuwa na mlezi mwingine aliyefungua saa kumi na moja. Geti la kiwanda alikoshona mama lilifungwa saa kumi na mbili kamili asubuhi, na waliolikuta limefungwa hawakuulizwa sababu. Walishaliongea hilo mpaka likaisha ladha, kama ubani uliotafunwa tangu juzi.

Siku ya kliniki fundi alimpima Kiazi kwa koleo lake la plastiki, mbele, nyuma, pembe hii na pembe ile.

"Tulianza na tofauti ya milimita kumi na tano. Leo tano," alisema. "Hapa nikiivua hakuna atakayeona kitu, labda kinyozi. Au tusukume miezi miwili zaidi. Samaki anakunjwa akiwa mbichi, na huyu wenu keshaanza kukauka. Uamuzi ni wenu nyinyi wazazi."

"Tukiivua, halafu akaendelea kulazwa vile vile?" aliuliza baba.

"Vile vile vipi?"

Baba akampa kofia. Fundi aliiweka sikioni, akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa.

"Ndiyo, huwa zinafanya hivyo," alisema. "Wiki jana ililetwa moja inabweka kutwa nzima." Akabonyeza sponji kwa kidole gumba, akaandika kwenye kadi: sponji nzima. "Akilazwa vile vile kisogo kitarudi kuwa bapa. Na mtu wa miezi minane angekuwa anakaa mwenyewe. Huyu anakaa?"

Kiazi alikuwa amelala chali kitandani, akitazama feni kwa uzoefu.

"Tuivue," alisema baba. "Kibonyee tena, watu wakione."

"Watakiona, halafu?" alisema mama. "Geti litafunguliwa saa mbili? Sisi tutaendelea nayo. Ikiwa lazima alale pale, alale na kichwa cha mviringo."

Fundi akapiga muhuri: miezi miwili zaidi.

Jioni ile, kabla ya saa moja, mama aliichukua kofia akasema ndani yake. Alisema habari za nyuzi, za msimamizi mwenye kikohozi, akaimba kidogo. Baba naye aliambiwa aseme. Alieleza namna unga unavyoumuka, kwa kuwa hakujua kingine. Kesho yake kofia ilirudi na sauti zao, saa nzima, na nyuma yao bomba likidondosha na watoto kumi na wawili wakipumua kwa utulivu.

Walifanya hivyo kila siku. Wiki ya tatu mlezi alimpokea baba kwa furaha.

"Kofia hii msije mkaivua, baba! Nikimlaza katikati, wote kimya. Nimepokea watatu zaidi."

"Ahsante," alisema baba, akawahi tanuri.

Miezi miwili ilipokwisha fundi alipima, akarudia, akaweka koleo chini.

"Sifuri. Kama chungwa. Tuivue?"

"Bado," alisema baba.

"Itambana. Itabidi nitengeneze kubwa zaidi."

"Tengeneza."

Fundi alifungua kadi penye nafasi ya tarehe ya mwisho. "Mpaka lini?"

Baba alimtazama mkewe. Mama alikuwa anamsaidia Kiazi kukaa, mto huku na mto kule, na Kiazi aliteleza taratibu, akarudi chali.

"Andika inaendelea," alisema baba.

Fundi akaandika.