Turubai la Bluu Kabazi

Tangu Mugure azaliwe, baba yake hakumwita kwa jina. Alimwita Maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa binti huyo alirithi jina la nyanya yake. Lakini binti alipoacha ualimu akaajiriwa na kampuni moja ya Nakuru, kutazama video za dunia zinazorushwa moja kwa moja na setilaiti, baba huyo, Mzee Naftaly, alianza kumwita Mugure, kavukavu, kama anayesoma rejista. Kazi gani hiyo, aliuliza, ya kuchungulia mashamba ya watu? Mwaka mzima jina hilo lilimuuma Mugure kuliko tusi.

Jumanne moja, setilaiti ikipita juu ya Bonde la Ufa, Mugure aliitafuta Kabazi, kijiji chao, kwenye skrini akaliona boma lao: paa la mabati, na kando yake turubai la bluu lililoanikwa mahindi ya msimu mzima. Akatabasamu. Kisha akaona wingu zito nyuma ya kilima, linakuja huko huko mbio. Akapiga simu.

"Baba, anua mahindi. Mvua iko hapo nyuma ya kilima."

Naftaly alicheka. Jua lilikuwa linachoma mpaka kuku wamejificha, alisema, na yeye hajawahi kuona mvua ya simu.

"Naiona na macho yangu, Baba. Hata hiyo turubai yako ya blue naiona. Niamini leo tu."

Simu ikakatwa. Mugure alibaki roho mkononi. Mahindi yakilowa yangeoza; na mvua isiponyesha, hakuna mtu nyumbani angemsikiliza tena. Turubai halikutikisika. Picha ilianza kulala upande, setilaiti ikiondoka zake. Ndipo ukingo mmoja wa bluu ukajikunja. Ukajikunja tena, turubai likawa mstari mwembamba, likatoweka chini ya mabati.

Mugure alipiga vigelegele hadi Rajinder, mkubwa wake kazini, akauliza nani ameolewa.

Baada ya robo saa simu ililia. Mvua ilikuwa inatwanga mabati kule, na mama yake akisikika akicheka kwa mbali. Mzee alisema mahindi yote yako ndani. Jirani yao Njuguna, aliyemcheka akikunja turubai juani, sasa alikuwa anakimbizana na maharagwe yake kwenye matope. Kisha Mzee akakohoa.

"Na huko kazini, Maitu," akasema, "umekula?"